Fedha za Karafuu na Nyumba ya Kwanza ya Kukodisha



Kila msimu ukimalizika kwa kheri, wanachama hutujia ofisini na swali moja: je, yafaa fedha hizi tuzijengee nyumba ya kukodisha mjini? Mmoja huulizia kiwanja cha Machomane, mwingine cha Limbani, na wapo wanaotupa macho hadi Unguja. Kwa kuwa swali limekuwa la wengi, tumeona bora tulijibu humu gazetini kuliko kulijibu mlangoni kwa mtu mmoja mmoja.

Jibu letu ni kwamba yafaa, kwa masharti mawili. Nyumba ya kwanza iwe ndogo, na ijengwe kwa fedha iliyokwisha kuingia mkononi. Sharti hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwani twasikia maneno yanayotutia wasiwasi. Wapo walioanza kunong'ona juu ya kuweka mikarafuu rehani, au kuikodisha kwa misimu miwili mitatu ya mbele, ili wapate za kumalizia ukuta na kuezekea.

Haja ya kuwa na pato la pili hatubishani nayo. Sote twajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka huu matawi huinama kwa uzito, na mwaka wa pili mtu hana haja ya kutoa ngazi yake ghalani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hili. Baadaye, katika miaka ya 1980, Indonesia iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa ilikwisha kupanda mikarafuu yake hadi ikakaribia kujitosheleza, na bei ikaporomoka. Basi mtu anayetafuta pato la kumvusha mwaka mkavu ana akili, wala hatutaki kumkatisha tamaa.

Lakini kuna khabari nyingine ya zamani ambayo vijana wengi hawaijui. Babu zetu wenye mashamba walikuwa wakichukua fedha kwa watu wa mjini kwa njia iliyoitwa bei khiyari. Mtu huandika kwamba ameuza shamba lake, nao humpa khiyari ya kulikomboa baada ya muda fulani. Karafuu zikija vibaya na muda ukapita, shamba huwa limekwenda. Madeni yalifika mahali ambapo Serikali ya wakati ule ilitunga sheria mwaka 1934 ili kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia mikononi mwa wenye kudai. Wengi wa wale wazee hawakukopa kwa anasa. Walikopa kwa arusi, kwa magonjwa, kwa kulipa wachumaji na kwa nyumba.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi si bei za sokoni, maana bei hubadilika kila boti likitia nanga Mkoani. Tumezichukua kwa mfano tu, na kila mwanachama aweke zake mahali pake.

Tuseme mtu amejenga nyumba ya vyumba vinne, yenye kibaraza, ukumbi katikati, jiko na choo uani, na mpaka kuingia umeme imemla shilingi 28,000,000. Kila chumba anakikodisha kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Vyumba vinne ni 240,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 2,880,000. Dalali aliyemuuzia kiwanja atamwambia: "Bwana, kabla ya miaka kumi umerudisha mtaji wako, na nyumba ingali yako." Na kwa hesabu ya dalali ni kweli, maana 28,000,000 ukizigawa kwa 2,880,000 hupata miaka tisa na miezi kadhaa.

Dalali lakini amehesabu miezi kumi na miwili iliyojaa. Mpangaji akihama, chumba hakipati mwingine siku ile ile. Hupakwa chokaa, hutengenezwa kitasa, husubiri. Tuseme kila chumba kitakaa kitupu miezi miwili kwa mwaka. Hiyo ni miezi minane ya chumba, yaani shilingi 480,000. Zimebaki 2,400,000. Tengeni kila mwaka sehemu moja katika mia ya gharama ya nyumba kwa matengenezo, yaani 280,000, hata mwaka ambao hakuna kilichovunjika, kwa sababu bati halioti kutu kwa kalenda. Zimebaki 2,120,000. Toeni 120,000 za nauli za kwenda na kurudi, za kumpa kijana anayeangalia nyumba na za makaratasi. Zimebaki 2,000,000. Gawanyeni tena, mtaona kwamba mtaji unarudi kwa miaka 14, na hapo bado hatujamtaja mpangaji anayeondoka usiku na kodi ya miezi mitatu, wala kodi ya Serikali.

Miaka 14 si mibaya. Mkarafuu nao hukaa miaka mingi kabla ya kumlipa aliyeupanda. Ila mtu aijue ile 14 tangu mwanzo, asijenge kwa matumaini ya tisa.

Tazameni sasa lile jambo la mkopo. Tuseme nusu ya fedha, yaani 14,000,000, imekopwa na yatakiwa irudi kwa miaka mitano. Kila mwaka itatakiwa 2,800,000, kabla ya kuhesabu nyongeza yoyote ya mwenye kukopesha. Nyumba yatoa 2,000,000. Zile 800,000 zilizopungua zitatoka wapi? Zitatoka shambani. Na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, zitatoka wapi? Hapo ndipo rehani inapopata nguvu. Nyumba iliyojengwa ili imsaidie mtu mwaka wa njaa ya karafuu itakuwa yenyewe ndiyo inayoomba msaada mwaka ule ule.

Baadhi ya wanachama wametuambia kwamba siku hizi benki zina dirisha la Kiislamu, na kwamba mtu aweza kupata vifaa vya ujenzi kwa njia ya murabaha bila ya kuingia katika riba. Ni kweli, na kwa upande wa dini ni wepesi mkubwa. Hata hivyo deni la halali nalo lina tarehe, na tarehe haingoji mkarafuu utoe makonyo. Mwenye mshahara wa kila mwezi aweza kulibeba. Mwenye shamba peke yake, kwa nyumba ya kwanza, shauri letu ni kwamba asilibebe.

Je, mtu afanye nini ikiwa fedha haitoshi? Ajenge kinachotosha. Yuko mwanachama mwenzetu wa upande wa kaskazini ambaye miaka kadhaa iliyopita alikuwa na fedha ya vyumba viwili, na ndugu zake wakamcheka kwa kuwa hakujenga nyumba kamili. Alijenga vyumba viwili uani kwake mwenyewe, Wete, pamoja na choo chao mbali na cha nyumba kubwa. Akavikodisha, mmoja kwa mwalimu na mmoja kwa muuguzi, na kila msimu mzuri akaongeza kidogo. Leo ana vyumba vitano, na hadaiwi hata mfuko wa saruji. Mambo ya mpangaji pia amejifunza akiwa karibu, anasikia bomba linavuja usiku na asubuhi analiziba. Sisi twaona hii ndiyo skuli bora ya kuanzia. Anayeanza kwa nyumba ya Unguja ilhali yeye yuko Mtambile atajifunza kwa simu, na simu haioni paa.

Juu ya mahali pa kujenga, msitazame uzuri wa upepo. Tazameni nani atakayekaa. Katika miji yetu ya Pemba wapangaji wa kutegemewa ni wafanyakazi wanaohamishiwa huku, walimu, watu wa hospitali, maofisa wa idara, pamoja na wanafunzi na vijana wanaoanza maisha. Hawa hutaka kuwa karibu na barabara ya magari, na maji, na umeme. Tangu waya wa baharini kutoka Tanga ulipoleta umeme Pemba mwaka 2010, mpangaji hakubali tena chumba cha kibatari. Wachumaji wa msimu tusiwahesabu, kwani wao hukaa kambini karibu na mashamba, na wakimaliza huondoka.

Sasa tuje kwenye kiwanja. Hapa tutakaa kidogo, maana fedha nyingi za karafuu zimepotelea hapa kuliko mahali pengine popote.

Ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ilieleza haki ya mtu kuitumia. Kwa hiyo anayekuuzia kiwanja anakuuzia haki ya kutumia na kilichosimama juu yake, ikiwa kweli haki hiyo anayo. Eka tatu zilizogawiwa watu baada ya Mapinduzi ziligawiwa zilimwe. Mtu anayezikatakata viwanja bila idhini anauza kitu ambacho huenda kisisimame mbele ya mahakama.

Tena kuna jambo la kwetu ambalo mgeni hulistaajabia. Kwa desturi ya visiwa hivi mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe. Babu aliweza kumiliki mikarafuu kumi katika kiambo cha mtu mwingine, na wajukuu zake wangali wanaichuma. Basi ukionyeshwa kiwanja chenye mnazi mmoja pembeni, usiulize bei kabla ya kuuliza ule mnazi ni wa nani. Waulizeni wazee wa mtaa, tena si mmoja. Kuna kiwanja ambacho ujenzi wake ulisimama mwaka mzima kwa sababu ya mwembe, na mwembe wenyewe ulikuwa mkavu.

Ardhi ya wakfu haiuzwi, hata kama anayeiuza ana ndevu nyeupe na tasbihi mkononi. Mkiwa na shaka, nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkaulize. Na mali ya marehemu ambayo haijagawiwa ina wenyewe wote waliotajwa katika mirathi, wanawake kwa wanaume, waliopo Pemba na walioko Maskati au Dar es Salaam. Saini ya kaka mkubwa haiwafungi wengine. Twalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa aghalabu ni dada aliye mbali ambaye hakuulizwa, naye hurudi wakati nyumba imekwisha kufika kwenye linta.

Karatasi iliyoshuhudiwa na sheha ni kitu kizuri, nayo iwekwe. Ila haimalizi kazi. Nendeni Kamisheni ya Ardhi kabla ya kutoa arubuni, mkahakikishe kwamba kiwanja hakimo katika njia ya barabara, wala katika eneo lililotengwa kwa kazi nyingine, na kwamba jina la muuzaji ndilo lililoandikwa. Halafu kibali cha kujenga kutoka kwa mamlaka inayohusika. Mwenye kusema "tutakifuata kibali baadaye" ni yule ambaye ukuta wake siku moja utatiwa alama nyekundu.

Kwa ujenzi wenyewe hatuna maneno mengi, kwani kila mtu ana fundi wake. Manne tu tutayataja. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege bila mtu kuona, tena uchimbaji wa mchanga una kibali chake. Matofali ya saruji yamwagiwe maji kwa siku saba angalau kabla ya kujengewa, na fundi anayetoa matofali mengi mno katika mfuko mmoja amekupa mchanga uliopakwa rangi ya saruji. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, ingawa namba yaonekana ndogo, na karibu na bahari unene huo una faida. Shimo la choo liwe mbali na kisima, mita 30 si nyingi, kwani mpangaji akiugua tumbo kila mwezi hatakaa, na dhambi yake itakuwa juu yenu.

Nyumba ikisha, mtafuteni mpangaji kwa subira. Chumba kitupu kwa mwezi mmoja ni hasara ndogo kuliko mpangaji mbaya kwa mwaka mmoja. Ulizeni anafanya kazi wapi, na alikokuwa akikaa kabla kwa nini alihama. Ndugu wa karibu akitaka chumba, mpeni kwa mkataba ule ule wa watu wote, au mpeni bure na mseme wazi kuwa ni bure. Kile cha katikati, kwamba "atalipa akipata", ndicho kinacholeta ugomvi mpaka matangani.

Mkataba uandikwe. Watu wetu huona haya kuandikiana na mtu wanayesali naye msikiti mmoja. Lakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni ya muda, na kuweka mashahidi, katika aya ndefu kuliko zote za Kurani, nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara. Sisi tuliosoma chuoni tuliipita aya hiyo kwa kuyumba mbele na nyuma, na tumefika utu uzima twaona kumbe ilikuwa ikisemea mambo ya kila siku. Mkataba wa nyumba useme majina ya pande mbili, chumba gani, kodi kiasi gani na kwa muda gani inalipwa mbele, nani anatia umeme, nani analipa maji, nani anatengeneza nini, na ilani ya miezi mingapi kabla ya kuhama au kuhamishwa. Kila chumba kikiwa na mita yake ya Tukuza, nusu ya magomvi ya wapangaji yamekwisha. Mita moja kwa vyumba vinne ni chanzo cha kuhesabiana pasi na feni.

Desturi ya kutoza kodi ya miezi sita au mwaka mbele ina raha yake kwa mwenye nyumba, ila kuna hatari ndani yake. Fedha ya miezi sita ikiingia siku moja huonekana kama mavuno, na mtu huila kama mavuno. Igawanyeni siku ile ile, ya matengenezo ikae mbali, na ya miezi ijayo isiguswe mpaka mwezi wake ufike. Mpangaji akilipa kwa simu, aandikiwe stakabadhi vile vile, kwani ujumbe wa simu hufutika.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili: kodi anayokupa mpangaji, na kodi unayoipa Serikali. Ya pili ipo kwa ajili ya ya kwanza. Pato la nyumba hutozwa, na mkataba nao una ushuru wake wa stempu. Viwango hubadilishwa katika bajeti, kwa hiyo waulizeni wenyewe wa mapato kabla ya kupanga bei ya chumba. Na kwa upande wa zaka, kauli ya wanavyuoni wengi ni kwamba nyumba yenyewe ya kukodisha haitolewi zaka thamani yake. Fedha ya kodi ikiwekwa, ikafika nisabu na kupitiwa na mwaka, hiyo hutolewa. Mwenye hesabu kubwa amwendee shekhe wake.

Tumetayarisha mfano wa mkataba wa kukodisha chumba, ukurasa mmoja na nusu, ambao mwanachama aweza kuunakili kwa mkono. Upo ofisini siku zote za kazi kabla ya adhuhuri. Anayekuja kuuliza juu ya kiwanja alete karatasi zake zote, pamoja na zile zilizokunjwa chini ya godoro.